Askari Wanaoliliwa Bondeni

Askari polisi akifariki akiwa kazini Ifakara, mara nyingi hazikwi Ifakara. Mwili hutolewa chumba cha maiti cha Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ukaagwa kambini chini ya turubai, wenzake wakapiga saluti, kisha gari likashika njia ya Kiberege, Mang'ula na Kidatu mpaka Mikumi. Kutoka hapo ni safari ya kwao: Tarime, Kigoma, Songea, Moshi, Singida. Ndivyo Jeshi la Polisi linavyopanga watu wake. Kijana wa Bunda huletwa Mlimba, wa Newala akapelekwa Geita, ili asiwe na shangazi wala mjomba wa kumwonea haya pale sheria inapotakiwa kushika mkondo wake. Akistaafu, wengi hurudi kwao. Akifa, hurudishwa.

Kwa hiyo bonde la Kilombero lina deni la watu ambao makaburi yao hayapo hapa. Mwalimu aliyetufundisha Lipangalala tunaweza kwenda kumpalilia kaburi. Padri tunajua alipolala. Askari aliyesimama katikati ya mapanga na mikuki pale Mofu au Namawala, akazuia damu isimwagike, yuko kilomita mamia kutoka hapa, chini ya migomba ya ukoo wake, na wanaopita karibu na kaburi hilo hawajui hata Mofu iko wapi. Kilichobaki kwetu ni maneno tu. Nayo yanapungua kila mzee anapozikwa.

Makala haya ni ya hao. Wamekuwa wengi, na sitataja jina la hata mmoja kati ya waliofanya kazi hapa, kwa sababu familia zao hazijaulizwa. Lakini nataka kueleza bonde linawakumbuka kwa lipi, maana naona tunakosea tunapoliacha jambo hili liishe pale turubai linapokunjwa.

Tuanze msibani. Askari akiagwa husomwa wasifu wake. Ofisa husimama na karatasi, akataja mwaka wa kuzaliwa, shule, tarehe ya kuajiriwa, mafunzo ya Chuo cha Polisi Moshi, vyeo kutoka konstebo kupanda juu, vituo alivyopita, mke au mume na idadi ya watoto. Hutajwa pia namba yake ya jeshi, ile inayoanza na herufi, na kwa wanawake WP. Karatasi hiyo ni ya lazima na ni ya heshima. Husomwa kwa sauti iliyonyooka, na kwa kawaida haifiki dakika kumi.

Wasifu wa pili hausomwi na mtu. Unasemwa nje ya turubai, kwenye viti vya plastiki vilivyosogezwa chini ya mwembe, na wanaousema ni watu ambao ratiba ya mazishi haikuwapangia nafasi: dereva wa bodaboda, mama anayeuza chapati na maharage karibu na kituo, mfugaji aliyekuja na fimbo yake begani, mkulima aliyetoka shambani na matope bado yamekauka kwenye vifundo. Humo ndimo unamjua marehemu. Cheo hakitajwi kabisa. Utasikia alikuja saa ngapi, alisema nini, hakuchukua nini. Watani wa kabila lake, hata kama ni wawili tu mji mzima, hujitokeza kufanya kazi yao, watu wakacheka huku wanafuta machozi. Mtu aliyetoka mbali hivyo kumkuta ana watani wa kumzika ni ushahidi kwamba alikuwa amekwisha kuwa wa hapa.

Katika yote yanayosemwa chini ya mwembe ule, jambo linalojirudia kuliko mengine ni karatasi. PF3.

Msomaji wa mjini anaweza kuona ni dogo. PF3 ni fomu ya polisi anayopewa mtu aliyepigwa, aliyekatwa, aliyebakwa au aliyepata ajali, ili daktari aijaze na siku ya kesi iwe ushahidi. Sehemu ya juu anaandika askari: jina, umri, anakotoka, ameumizwaje, saa ngapi. Inapigwa muhuri. Sehemu ya chini anaandika daktari. Fomu haiuzwi. Lakini malalamiko ya nchi nzima, ya miaka na miaka, ni kwamba kuna vituo ambako majeruhi hukaa kwenye benchi mpaka ndugu zake wapate hela ya fotokopi, au mpaka mwenye funguo za kabati arudi kutoka kula. Mtu anavuja damu, anaulizwa ana shilingi ngapi.

Sasa mweke hapo askari wa zamu ya usiku ambaye anaona kijana ameletwa kwenye baiskeli, mguu umefungwa khanga iliyolowa, na kabla hajauliza lolote anavuta kitabu, anaandika huku amesimama, anapiga muhuri, kisha anatoka nje kwenda kusimamisha gari la kwanza linalopita. Maelezo mengine atayafuata kesho wodini. Huyo ndiye anayeliliwa miaka kumi baadaye. Familia ya kijana yule haitakuwa na habari na sera za jeshi wala mikakati ya maboresho. Inajua kwamba kulikuwa na afande mmoja ambaye kwake uhai ulitangulia mbele ya karatasi, na karatasi nayo aliiandika sawasawa, ikasimama mahakamani.

Hiyo sehemu ya mwisho watu huitaja kwa mkazo, na nafurahi kila ninapoisikia. Bonde halimpendi askari kwa upole peke yake. Askari mpole asiyejua kuandika maelezo huharibu kesi, mwizi wa pampu na mwizi wa ng'ombe wakarudi mtaani wakicheka. Anayekumbukwa ni yule ambaye jalada lake lilikuwa limenyooka. Alikwenda eneo la tukio siku ileile, akaandika majina ya mashahidi wenye nauli na wasio na nauli, na siku ya kesi akawapigia simu mmoja mmoja.

Na sehemu ya kwanza ya siku yake aliifanya juu ya baiskeli. Ifakara ni mji wa tambarare, na baiskeli hapa ni miguu ya watu: zinabeba mpunga, mkaa, mbao, wagonjwa, maharusi. Askari akipita ndani ya gari anaonekana mara moja kwa wiki, vumbi likitimka nyuma yake. Akipita kwa baiskeli kutoka Viwanja Sitini hadi Mbasa anasalimia watu mia, na kati ya hao mia kuna mmoja atakayemwambia polepole, tairi kwa tairi, kwamba nyumba fulani usiku wa jana kulikuwa na wageni na mifuko mizito. Polisi jamii, mpango ulioshika kasi nchini tangu 2006 chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, ulikuwa na semina na vipeperushi. Wenye baiskeli walikuwa wakiufanya bila semina.

Kuna mambo ambayo askari wa bonde hili hukutana nayo na ambayo chuo hakiwezi kuyamaliza darasani. Kilombero ni ardhi oevu kubwa. Tangu 2002 imeandikwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa, karibu kilomita za mraba 8,000. Maji hayo ndiyo yanayotupa mchele unaosifiwa mpaka Kariakoo, na ndiyo yaliyowavuta wafugaji kutoka kaskazini na magharibi na mifugo yao. Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena walikuwa hapa na mitumbwi na majembe. Wakaja Wasukuma, Wamang'ati na Wamasai na ng'ombe. Ng'ombe hasomi mpaka. Usiku mmoja kundi linaingia kwenye mpunga uliobakiza wiki mbili kuvunwa, na asubuhi mkulima anashuka kwenye dungu lake akakuta mwaka mzima umelala chini, umekanyagwa.

Hapo ndipo mwito unapopigwa. Upande mmoja mapanga, upande wa pili mikuki na fimbo, na kituo cha karibu kina askari wachache na pikipiki moja. Mwisho wa 2012 Serikali ilifanya operesheni ya kuondoa mifugo bondeni, na machungu yake bado hayajaisha pande zote mbili. Askari ambaye wakulima na wafugaji wote wawili wanamtaja kwa wema ni adimu kama mvua ya Agosti, lakini wapo. Mbinu yao, kwa jinsi watu wanavyoisimulia, haikuwa na miujiza. Alifika kabla ya watu kujaa. Alimchukua mzee mmoja wa kila upande akakaa nao chini, mbali na vijana. Alimwita ofisa ugani apime hasara ili namba isitoke kwenye hasira. Hakuondoka na ng'ombe wala na gunia. Na fidia ilipolipwa, ililipwa mbele za watu, noti zikahesabiwa kwa sauti.

Kutoondoka na kitu. Sifa hiyo naipa uzito kuliko zote. Kwenye vituo vingi vya polisi kuna tangazo ukutani kwamba dhamana haitozwi fedha. Tangazo lisingebandikwa kama watu wasingekuwa wanatozwa. Mshahara wa konstebo ni mdogo, nyumba za kambini ni za kubanana, watoto wanataka ada. Askari aliyepitia yote hayo mikono ikiwa mitupu alikuwa anapigana vita ambayo hakuna aliyempigia makofi, kila siku, mpaka siku anafungiwa sanduku.

Wanawake wana orodha yao, nayo ni tofauti. Tangu madawati ya jinsia na watoto yaanzishwe kwenye vituo, jina linalotajwa mara nyingi ni la WP fulani. Binti aliyefanyiwa unyama na mtu wa ukoo wake mwenyewe hawezi kuyasema kaunta, mbele ya mahabusu wanaochungulia na wapita njia wanaosubiri kudhaminiwa. WP aliyemtoa pale akamweka mahali penye mlango, akamletea maji, akakaa kimya hata nusu saa mpaka mtoto aanze mwenyewe kusema, huyo huombolezwa na wanawake ambao hawatasema kamwe hadharani ni kwa nini wanalia. Utawaona wamekaa mkekani upande wa kina mama, wametoka vijiji vya mbali, na hakuna anayejua nani aliwapa habari ya msiba. Wasifu rasmi hauwezi kuwagusa. Siri walizompa alikwenda nazo.

Na kuna maji yenyewe. Kabla ya daraja, kuvuka kwenda Ulanga na Malinyi kulikuwa ni kivuko cha Kivukoni, na kivuko kilipoharibika au mto ulipofura, pande mbili za bonde zilikuwa nchi mbili. Daraja la Magufuli lenye mita 384 lilifunguliwa Mei 2018. Askari wa kizazi cha kabla ya hapo walivusha watuhumiwa, mashahidi na maiti kwa mitumbwi. Masika ya 2024 mto Lumemo ulipoingia tena mjini, tuliwaona wenye sare wamezama kiunoni pamoja na raia, na maji hayakuuliza cheo cha mtu.

Siandiki haya kana kwamba bonde na polisi wamekuwa marafiki daima. Wanaosoma kutoka Mahenge wangenicheka.

Askari wa kwanza ambao babu zetu waliwaona walikuja na Wajerumani, na kiboko, na kodi. Tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na wenzao walilishambulia boma la Mahenge katika Vita vya Maji Maji na wakafyekwa kwa bunduki za rashasha. Jeshi la Polisi la Tanganyika lilianzishwa na Waingereza Agosti 25, 1919, makao yake makuu yakiwa Lushoto, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda utawala. Uhuru ulibadilisha bendera na nembo. Kwenye nembo ikaandikwa Usalama wa Raia. Hofu haikuondoka siku hiyohiyo.

Halafu ikaja 2006. Mwezi Januari mwaka huo, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge walikuwa Dar es Salaam kwa shughuli za mawe yao: Sabinus Chigumbi, ambaye wengi walimwita Jongo, Ephraim Chigumbi na Mathias Lunkombe. Tarehe 14 walikamatwa na polisi pamoja na dereva teksi, Juma Ndugu. Usiku ule walipelekwa msitu wa Pande na kupigwa risasi. Taifa likaambiwa kwamba majambazi wanne wameuawa katika mapambano ya risasi. Ndugu zao hawakukubali. Kutoka Mahenge mpaka Dar es Salaam walisema hapana, hawa tunawajua, hawa si majambazi. Rais Jakaya Kikwete, ambaye alikuwa na wiki chache tu Ikulu, aliunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa, na tume ikaona kwamba hapakuwa na mapambano wala ujambazi.

Kesi ikawafikisha kizimbani Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa wa Dar es Salaam, na askari wenzake. Agosti 17, 2009 Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu aliwaachia wote, akasema waliofanya mauaji hayo hawakuwa mbele yake. Upande wa mashtaka ukakata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja, Christopher Bageni, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Kinondoni, ikamhukumu kunyongwa. Zombe na wengine wakabaki huru. Miaka kumi ilikuwa imepita.

Nimeileta kesi hiyo kwenye makala ya kuwaenzi askari kwa sababu moja. Bila hiyo huwezi kuelewa uzito wa machozi ya bonde hili kwa askari mwema. Watu ambao walizika ndugu zao wakiwa wamebandikwa jina la ujambazi, kisha bado wakatoka na khanga na sufuria kwenda msiba wa afande wa kituo chao, hawafanyi hivyo kwa mazoea wala kwa kuogopa. Wamepima. Wanajua kabisa sare inaweza kufanya nini ikivaliwa na mtu mbaya, na ndiyo maana hawakosei wanapoiona imevaliwa na mtu mzuri. Kila ninapowasikia watawala wakisema wananchi wawapende polisi, natamani waje wakae msibani hapa. Mapenzi hayo yapo, tena ni makubwa. Ila hayatolewi kwa jeshi zima kwa jumla. Hutolewa kwa mtu mmoja mmoja, kwa jina.

Nchi nayo imekuwa na misiba yake mikubwa ya polisi, na bonde limelia pamoja nayo. Usiku wa kuamkia Oktoba 13, 2012, Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza, Liberatus Barlow, alipigwa risasi eneo la Kitangiri; Mwanza ikamuaga, Kilimanjaro ikampokea. Machi 2013 askari wa usalama barabarani, koplo mwanamke, aligongwa na gari pale Bamaga, Dar es Salaam, akiwa kazini kuzuia magari ili msafara wa Rais upite. Julai 2015 kituo cha Stakishari kilivamiwa, askari wanne wakauawa. Agosti 2016 wengine wanne pale Mbande. Kisha Aprili 13, 2017, Kibiti: askari wanane waliokuwa wakirudi kutoka lindo waliviziwa barabarani na kuuawa kwa mkupuo.

Kibiti si mbali nasi kama ramani inavyoonyesha. Maji ya Kilombero yanakutana na Luwegu pale Shuguli yakawa Rufiji, na Rufiji ndiyo inayokwenda kunywesha mashamba ya kule. Wanane wale waliagwa kwenye viwanja vya polisi Barabara ya Kilwa, masanduku yamepangwa mstari, kisha kila sanduku likashika njia yake kwenda mkoa wake. Ni ileile habari ya Ifakara, ila mara nane kwa siku moja. Na Agosti 25, 2021, tarehe ileile ambayo jeshi linahesabu kuzaliwa kwake, askari watatu na mlinzi mmoja wa kampuni binafsi waliuawa kwa risasi karibu na ubalozi wa Ufaransa, Salender.

Misiba hiyo ilipata kamera, mawaziri na bendera, na ilistahili. Wasiwasi wangu ni kwa yule ambaye hakuuawa na mtu. Huyu alikufa kwa shinikizo la damu akiwa na miaka hamsini na kitu, baada ya zamu za usiku zisizohesabika. Au kwa ajali ya pikipiki akirudi kutoka kupima ajali ya wenzake. Au kwa malaria, katika bonde ambalo mbu wake wamesomwa kuliko mbu wa karibu popote Afrika, tangu Rudolf Geigy wa Basel alipofungua maabara yake hapa Ifakara katika miaka ya 1950, hiyo ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kifo chake hakikuwa habari. Maisha yake ndiyo yaliyokuwa habari, na hakuna mwandishi aliyekuja.

Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, ikiongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Miongoni mwa mapendekezo yake ni polisi waondokane na sura ya jeshi, wawe chombo cha kutoa huduma kwa raia. Yalisemwa mengi kuhusu jina jipya, muundo, mafunzo. Mimi naamini mtaala wa huduma hiyo unaweza kuandikwa nusu yake kutoka kwenye misiba. Mtu akitaka kujua polisi wa huduma anafananaje, aulize Mang'ula, Kiberege, Mngeta, Chita na Mlimba: ni afande yupi aliyehamishwa mkamsindikiza mpaka stesheni ya TAZARA? Kwa nini? Majibu atakayopata yatakuwa ya vitendo kabisa. Alifungua kituo usiku. Alikataa kumkamata mtu kwa kuagizwa na mwenye fedha. Alimrudisha mtoto wa shule aliyekuwa anaozeshwa. Alimwambia mheshimiwa hapana.

Hilo la kusema hapana, watu hulisimulia kwa sauti ya chini hata leo, na ndilo linalotakiwa kusemwa kwa sauti kubwa kuliko yote. Katika kesi ya Mahenge, mbele ya wale watu wanne waliokuwa mikononi mwa polisi, ilitosha askari mmoja mwenye cheo au asiye na cheo akatae, na asikilizwe. Kila afande wa bondeni aliyewahi kukataa agizo la dhuluma, la kumbambikia mtu kesi, la kumpiga mahabusu, la kumwachia mwizi mwenye ndugu mkubwa, alikuwa anafanya kazi hiyo bila kujua majina ya wale anaowaokoa. Baadhi yao walihamishwa ndani ya wiki. Wengine walikaa na cheo kimoja mpaka kustaafu, na pale mstari wa vyeo unaposomwa msibani, wageni hudhani marehemu hakuwa mchapakazi.

Kwa hiyo nina ombi, na naliweka wazi kwa halmashauri zetu, kwa maofisa wa polisi wa wilaya na kwa redio za kijamii za Ifakara na Mahenge. Msiba wa askari unapokuwepo, pawe na mtu wa kukaa upande ule wa mwembe na kinasa sauti. Arekodi wasifu wa pili. Nakala moja iende kwa familia, huko Bunda au Newala, watoto wajue baba au mama yao alikuwa nani kwa watu wasiowahi kuwaona. Nakala nyingine ibaki kituoni, asikilizishwe kila konstebo mpya anayeripoti na begi lake jipya kutoka Moshi, kabla hajaonyeshwa chumba cha silaha.

Na kwa waliokwisha kuondoka, wazee bado wapo. Kuna waliovushwa mtoni usiku wakiwa na mashahidi wao, kuna wafugaji waliorudishiwa ng'ombe wote bila kupungua hata ndama, kuna kina mama waliopewa PF3 bila kuulizwa shilingi. Majina ya maafande hao wanayo kichwani, mengine ni majina ya utani waliyowabandika wenyewe. Waulizwe sasa, kiangazi hiki, kabla ya kilimo, kuanzia wale wa upande wa Kivukoni waliowajua askari wa enzi za mtumbwi.